Miche 4,000 imebaki 300: je, kuchangishana kurudisha msitu ni kazi bure?

"Shikamoo mtaalamu. Sisi ni watu 34, wote wazaliwa wa kijiji kimoja cha Urambo, ila wengi tunaishi nje: Tabora mjini, Mwanza, Dar. Tulianza kuchanga shilingi 5,000 kila mwezi ili turudishe msitu uliokuwa juu ya kijito cha kwetu. Msitu huo uliisha kwa mkaa na kuni za mabani, yaani vibanda vya kukaushia tumbaku, na sasa kijito kinakauka Agosti. Tumenunua miche 4,000 ya mkaratusi, mjohoro na mninga. Tulipanda mara ya kwanza Machi, mara ya pili Februari mwaka uliofuata, kijiji kizima kilitoka, picha zipo. Juzi mdogo wangu amepita akahesabu: haifiki 300. Kundi limegawanyika. Mwenyekiti anasema tuongeze mchango, kwamba Wangari Maathai alianza na miti saba tu akafika mamilioni. Mweka hazina anasema hakuna watu wa kuchangishana waliowahi kurudisha msitu popote, hiyo ni kazi ya serikali na wafadhili. Nani ana haki? Na hela iliyobaki tuifanyie nini?"

Marahaba. Poleni kwanza. Kuhesabu miche iliyokufa kunauma kuliko watu wanavyodhani, hasa kama hela imetoka mfukoni mwako na ulishika jembe mwenyewe. Ila mpe mdogo wako heshima yake. Nimefanya kazi ya misitu miaka mingi, nikiitwa Bwana Miti na watoto wa vijiji vingi vya mkoa huu, na vikundi vilivyorudi kuhesabu miche baada ya picha kupigwa ninaweza kuvihesabu kwa vidole vya mkono mmoja. Ninyi mmerudi.

Nitaanza na historia kwa kuwa ndiyo mnayogombania, kisha tushuke huko juu ya kijito.

Mwenyekiti wenu anasema kweli, lakini kaikata katikati. Ni kweli kwamba tarehe 5 Juni 1977, Siku ya Mazingira Duniani, Wangari Maathai na wanawake wenzake wa Baraza la Kitaifa la Wanawake wa Kenya walipanda miti saba katika uwanja wa Kamukunji, Nairobi. Ambacho husahaulika ni kwamba mingi kati ya hiyo saba ilikufa. Hata kabla ya hapo alikuwa amejaribu biashara ya miche, nayo ikamfia. Kwa hiyo mkitaka kujilinganisha na mama yule, mko naye sawasawa kabisa: mko pale alipokuwa mwanzoni, miche ikiwa imekufa.

Kilichomtoa pale hakikuwa kuongeza miche. Alibadili kitu ambacho hela ilikuwa inalipia. Vikundi vya wanawake vijijini viliotesha mbegu vyenyewe, vikapanda, na vikapewa malipo madogo, ya senti chache, kwa kila mche uliothibitika kuwa hai baada ya miezi kadhaa. Ukipanda mia ikafa themanini, unalipwa ishirini. Ghafla kila mche ukawa na mwenyewe. Wataalamu wa misitu wa wakati ule, yaani wenzangu, walimwambia kupanda miti kunahitaji watu wenye diploma. Wanawake wale wasiokuwa na diploma ndio waliosababisha makumi ya mamilioni ya miti kusimama, na mwaka 2004 mama akapewa Tuzo ya Amani ya Nobel. Sisi wenye diploma tuliomba radhi kimyakimya.

Lakini hapa mweka hazina naye apate chake. Malipo yale hayakutoka kwenye michango ya wanawake. Yalitoka nje: chama cha misitu cha Norway, mfuko wa Umoja wa Mataifa kwa ajili ya wanawake, na wengine. Mchango wa wanawake ulikuwa mikono yao, maji waliyobeba kichwani, na macho yao shambani. Huo ni mchango mkubwa kuliko shilingi, ila si shilingi.

Je, kuna waliochanga hela kweli? Wapo, na tangu zamani. Mwaka 1941 huko California ulianza mpango ulioitwa Penny Pines, misonobari ya senti, kwa sababu mche mmoja wa msonobari uligharimu kama senti moja ya Marekani. Wanawake wa vyama vya bustani walichanga na wanachanga hadi leo. Kwa miaka mingi kiwango cha mchango mmoja kimekuwa dola 68. Hapo penye hela kidogo hivyo na miti mingi hivyo, uliza swali la mwenye duka: gharama nyingine analipa nani? Jibu ni idara ya misitu ya serikali yao. Wale akina mama walilipia miche. Serikali ililipia ardhi, watumishi, magari, ulinzi wa moto na miaka yote ya matunzo. Ninyi mmefanya kama wao, mmenunua miche, lakini nyuma yenu hakukuwa na idara iliyosimama kubeba yaliyobaki.

Na wapo waliojitolea hapa hapa Afrika Mashariki kabla babu zetu hawajasikia neno mazingira. Mwaka 1922, huko Muguga nchini Kenya, afisa misitu kijana wa Kiingereza aitwaye Richard St. Barbe Baker, akisaidiana na Chifu Josiah Njonjo, aliitisha ngoma ya miti. Vijana wa Kikikuyu wakaapa kupanda miti na kuitunza, wakajiita Watu wa Miti. Jina hilo la Kiswahili ndilo lililobeba chama kilichokuja kuanzishwa Uingereza na kuenea nchi nyingi. Baker hakuwa na fungu la maana la fedha, alikuwa na kitalu na maneno. Aliyaweka maneno hayo ndani ya ngoma na kiapo, vitu ambavyo watu wa pale walikuwa wakiviheshimu tayari.

Turudi karibu na kwetu, maana California haina mchwa wa Urambo.

Jirani zenu wa Shinyanga ndio somo lenu kubwa. Eneo lile lilikuwa limebaki jangwa nusu: mapori yalifyekwa zamani ili kufukuza mbung'o, ikaja pamba, ikaja mifugo mingi, ikaja kuhamishiwa kwenye vijiji. Mwaka 1986 serikali ilianzisha HASHI, Hifadhi Ardhi Shinyanga, kwa msaada wa Norway. Walianza kama ninyi, kwa vitalu na miche. Kisha wakagundua kwamba Wasukuma walikuwa na jambo lao la tangu zamani, ngitili: kipande cha malisho kinachofungwa wakati wa mvua ili majani yake yaliwe kiangazi. Ukikifunga kipande hicho miaka mfululizo, miti inarudi yenyewe. Ngitili zilizokuwa kama hekta 600 mradi ulipoanza zilipita hekta 300,000 ulipofungwa mwaka 2004. Ulinzi haukuwa wa askari wa kuajiriwa. Ilikuwa dagashida, mikutano ya jadi, na sungusungu, na faini ya ng'ombe inayoumiza kweli.

Kigoma nako ni hivyo hivyo. Jane Goodall, mtafiti wa sokwe, alipoiona Gombe kutoka angani mwanzoni mwa miaka ya 1990, hifadhi ilikuwa kisiwa cha kijani kilichozungukwa na milima mitupu. Mwaka 1994 taasisi yake ikaanzisha mradi wa TACARE kwa fedha za Umoja wa Ulaya, nao ukaanza na vitalu vya miche vijijini. Walipokaa na wanakijiji na kuwasikiliza, walikuta watu wanataka maji, zahanati, shule na mitaji midogo, na kwamba bila hayo hakuna atakayelinda mche. Mradi ukabadilika. Misitu ya hifadhi ya vijiji ikatengwa, na visiki kwenye miteremko ile vikaachwa vichipue.

Basi mnaona? Si mwenyekiti, si mweka hazina. Watu wa kujitolea wameweza kurudisha misitu, ila sijaona palipofanikiwa kwa kununua miche peke yake. Hela yenu mmeiweka kwenye sehemu rahisi kuliko zote na inayopendeza kwenye picha. Msiwe na aibu, hata mataifa yanafanya hivyo. Tarehe 11 Novemba 2019 Uturuki ilipanda miti milioni 11 kwa siku moja. Miezi michache baadaye chama cha wafanyakazi wa misitu wa huko kilisema kilikokagua kimekuta mingi imekufa. Serikali ikabisha. Kwenu angalau hakuna wa kubisha, mdogo wako amehesabu.

Sasa, miche yenu ilikufaje? Sijafika, lakini ratiba yenu inanitosha kuanzia. Urambo ina msimu mmoja wa mvua, kuanzia Novemba hadi Aprili, halafu miezi sita mikavu. Mche una kazi moja tu msimu wa kwanza: kushusha mzizi chini ya udongo unaokauka kabla Mei haijafika. Ukiupanda mwishoni mwa Novemba au Desemba, unapata miezi minne au mitano ya kushuka. Ukiupanda Machi unapata wiki chache. Sherehe za upandaji miti za kitaifa zimezoeleka kufanyika Machi na Aprili, na kwa wenzetu wa masika hilo halina neno. Kwetu huku ni kuuaga mche wakati unaupokea. Nimehudhuria sherehe hizo nikiwa nimevaa sare, nikapiga makofi huku nikijua. Hilo ni kosa langu, silisukumii ofisi yoyote.

Kwenye kiriba, ule mfuko wa plastiki wa kuoteshea mche, nako kuna mtego. Mche uliokaa kitaluni kupita kiasi mzizi wake hujizungusha ndani ya kiriba kama nyoka kwenye chungu, na ukipandwa unaendelea kujizungusha badala ya kushuka. Hapo ongeza mchwa, ambao kwenye mkaratusi mchanga hawana huruma, mbuzi wa Agosti, na moto kichaa wa Septemba. Yoyote kati ya hao anamaliza kazi peke yake.

Lakini kuna jambo moja ninalotaka mlisome polepole, kwa sababu linaweza kubadili hesabu ya mdogo wako. Mninga si mti wa kuhesabiwa kwa haraka. Mche wake hukauka juu kila kiangazi, shina lote, kwa miaka kadhaa mfululizo, huku mzizi ukinenepa ardhini. Mvua ikirudi unatoa shina jipya. Siku moja mzizi ukishashiba, shina linapanda moja kwa moja na halikauki tena. Anayepita Septemba ataona kijiti kikavu na kuandika amekufa. Kwangua udongo kidogo pale shingoni mwa mche, kwaruza ganda kwa ukucha. Ukikuta ndani ni mbichi, huyo yuko hai anasubiri. Siwaahidi kwamba mtapata mia tano. Nasema tu msimzike mtu kabla hamjampima mapigo.

Na mninga si peke yake. Pori letu la miombo limejengwa hivyo. Mtundu, myombo na jamaa zao wakikatwa hawafi. Visiki na mizizi yao hubaki na akiba, na mvua ya kwanza machipukizi yanatoka. Mkaa na kuni za bani huondoa nusu ya juu ya msitu, ile ya chini inabaki. Msitu wenu huenda uko pale pale juu ya kijito, umelala futi moja chini ya viatu vya watu waliokuja kupanda mkaratusi juu yake. Kinachouzuia kuamka kwa kawaida ni mambo mawili: moto na shoka linalorudi.

Moto ndio mkubwa. Huko Ndola, Zambia, kwenye miombo kama ya kwetu, wataalamu walitenga viwanja mwaka 1933 wakaanza kuvifanyia majaribio kwa miaka mingi. Vilivyochomwa kila mwaka mwishoni mwa kiangazi, wakati majani yamekauka kabisa na moto ni mkali, vilipoteza machipukizi na kuelekea kuwa mbuga ya nyasi. Vilivyolindwa visiungue vikarudi kuwa msitu. Vilivyochomwa mapema, nyasi zikiwa bado na unyevu, vilikaa katikati. Udongo ule ule, mvua ile ile. Warina asali wa Tabora wanaelewa jambo hili vizuri kuliko sisi, ndiyo maana wanaojali mizinga yao huchoma mapema kuzunguka eneo, Mei au Juni, ili moto wa Septemba ukifika ukose chakula.

Kuna sehemu moja hii haitafanya kazi, na Urambo mnaijua kwa majina ya babu zenu. Pale ambapo mpango wa karanga wa Waingereza ulipita na mitambo yake kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1940, visiki viling'olewa na mizizi yake. Mpango wenyewe ulikufa mwaka 1951, lakini ardhi iliyong'olewa namna ile, au iliyolimwa kwa trekta miaka mingi, haina msitu uliolala chini. Hapo hakuna njia ila kupanda. Ndiyo maana siwezi kuwaambia kutoka huku niliko "acheni miche" au "endeleeni na miche". Mteremko wenu ndio utasema.

Tuje kwenye hela. Watu 34 kwa shilingi 5,000 ni 170,000 kwa mwezi, milioni mbili na kidogo kwa mwaka. Kwa ukanda wa kijito kimoja si haba, ikienda mahali pake. Ningekuwa mweka hazina wenu, msimu ujao nisingenunua mche hata mmoja kabla ya kujua visiki viko vingapi. Kikubwa cha kwanza ningelipia barabara ya moto, yaani ukanda mtupu wa kuzuia moto usipite, kuzunguka eneo, ikifyekwa Mei kila mwaka na vijana wa pale pale kijijini. Cha pili, posho ya mtu mmoja au wawili wa kuzunguka eneo kati ya Juni na Novemba, wakilipwa sehemu mwanzoni na sehemu baada ya mvua kuanza kama eneo halikuungua. Hapo mnakuwa mmefanya alichofanya Wangari: mnalipia kilicho hai. Cha tatu, kazi ya kuchagua machipukizi, kuacha mawili au matatu yenye nguvu kwenye kila kisiki na kupogoa mengine. Wenzetu wa Dodoma wanaiita kisiki hai, na haihitaji kiriba wala maji. Hela ikibaki, ndipo mnunue miche ya kujazia mapengo, ipandwe Desemba, na isiwe mkaratusi karibu na kijito. Mkaratusi ni mti mzuri mahali pake, lakini unakunywa, na nyinyi tatizo lenu ni maji.

Njia hii ina kasoro na sitazificha. Haipendezi kwenye simu. Miaka miwili ya kwanza mtakuwa mnatuma hela na kurudishiwa picha za vichaka, na wanachama watano au sita watachoka na kujitoa. Pia kuni za mabani zitatoka wapi? Mkifunga mteremko bila jibu la swali hilo, shoka litahamia kwa jirani au litarudi usiku. Kwa hiyo sehemu ya mchango iende kwa wakulima wa tumbaku wenyewe, miche ya kuni wapande mashambani mwao. Hapo mkaratusi wenu karibu sana.

Kitu cha mwisho kabla ya jembe, ardhi ni ya nani? Hamkusema, na hapo ndipo nimeona vikundi vingi vikivunjika. Kama ni ardhi ya kijiji, Sheria ya Misitu ya 2002 inaruhusu kijiji kuitenga kuwa msitu wa hifadhi wa kijiji, au hata kikundi kupewa msitu wa jamii ndani ya ardhi ya kijiji, kukiwa na sheria ndogo na kamati. Lipelekeni kwenye mkutano mkuu wa kijiji, siyo kwa mwenyekiti wa kijiji peke yake sebuleni. Wafugaji wanaopitisha mifugo pale waitwe wakae mezani, nao wana haki ya kunywa maji. Na kumbukeni Sheria ya Mazingira ya 2004 imekataza shughuli za kibinadamu za kudumu, au zinazoweza kuharibu mazingira, ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto. Mkiwa na hilo mkononi, nusu ya mabishano yanaisha.

Kuna hatua ambazo majibu yangu hayatoshi, mpaka mtu afike. Afisa misitu wa wilaya lazima aje kabla hamjatenga mipaka, na akiwa huko aangalie udongo na visiki. Kama kijito kimehama au chemchemi imekauka kabisa, waoneni watu wa bodi ya maji ya bonde la Ziwa Tanganyika, maana maji yenu yanaelekea huko kupitia Malagarasi. Na akitokea mtu mwenye laptopu akiwaahidi hela za kaboni, yaani malipo ya kulinda misitu inayofyonza hewa ukaa, msisaini karatasi yoyote siku hiyo. Zipo hela za kaboni za kweli, vijiji vya Wilaya ya Tanganyika kule Katavi vimezipata kwa kulinda misitu yao, lakini mikataba ile ni mirefu ya miaka na inahitaji mwanasheria na halmashauri mezani. Mfuko wa Misitu Tanzania nao hutoa ruzuku kwa vikundi vilivyosajiliwa, kwa hiyo sajilini kikundi halmashauri kabla ya kuongeza mchango.

Kuhusu kuhesabu visiki: nendeni mwishoni mwa Septemba au Oktoba mwanzoni, kabla ya mvua. Chukueni kamba, mpime viwanja vya mita kumi kwa kumi, kama kumi hivi kutoka juu ya mteremko hadi kijitoni. Andikeni visiki vinavyochipua na visivyochipua. Mchukue na mzee anayejua miti kwa Kinyamwezi, kwa sababu chipukizi la mtundu halifanani na mama yake. Kazi yenyewe ni nyepesi msimu huo: miombo hutoa majani mapya mekundu kabla ya mvua, na kama msitu wenu bado uko chini ya ardhi, mtauona mteremko umewiva mkiwa bado mko ng'ambo ya kijito.